Kula Saigon bila kubahatisha: namna ya kuchagua mgahawa wakati kila mmoja unasifiwa

Mtu wa korosho anayetua Ho Chi Minh City kwa mara ya kwanza huwa na siku tatu au nne, na nyingi tayari zina wenyewe: kiwandani, benki, kikao, kiwandani tena. Safari hizi si ngeni kwetu, maana Vietnam hununua korosho ghafi nyingi kutoka Afrika, za Mtwara na Lindi zikiwemo. Jioni anabaki na saa mbili zake mwenyewe. Anafungua simu, anatafuta mahali pa kula, anakuta majina mia moja, yote yana nyota nne na ushee, yote yamepigwa picha na watalii waliotabasamu. Anachoka. Anashuka chini kula kuku wa kukaanga wa hotelini.

Nimeyaona hayo, na safari ya kwanza niliyafanya mimi mwenyewe. Mwongozo huu ni wa kumtoa mtu hotelini. Wenyeji bado wanauita mji wao Saigon, nami nitauita hivyo hivyo.

1. Acha kutafuta mgahawa, tafuta chakula

Kwetu hoteli moja hukupa pilau, chipsi, samaki, ugali na maharage, na ubao wa bei ukutani una mistari ishirini. Saigon, sehemu zenye jina kubwa mara nyingi hupika kitu kimoja tu, na baadhi zimekipika kwa zaidi ya miaka sitini. Ukizipanga kwa nyota unalinganisha muuza vitumbua na mchoma mishikaki. Amua kwanza unataka kula nini, na yale majina mia moja yatabaki manne au matano.

Vyakula vya kuanzia ni hivi.

Phở ni supu ya tambi pana za mchele. Herufi *ph* husomeka f, na irabu yake hatuna kwa Kiswahili: iko kati ya a na e, sauti ikishuka kisha kupanda kama ya mtu anayeuliza. Mifupa ya ng'ombe huchemshwa saa nyingi pamoja na tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa motoni, mdalasini na karafuu. Mtu wa pwani akiinamia bakuli atadhani kuna jirani anapika pilau. Phở ya kusini ina utamu kidogo, na huletwa na sahani ya majani: mrehani, chipukizi za choroko, ndimu, pilipili, na jani refu lenye meno pembeni ambalo hunukia kama giligilani. Unachana, unatia mwenyewe. Ya Hanoi, mji mkuu ulio kaskazini, ni kavu ya mapambo, na mtu wa Hanoi akiona sahani hiyo ya majani hukunja uso. Achana na ugomvi wao, kula ya mji uliopo.

Cơm tấm ni wali wa chenga. Ndiyo, chenga hizi hizi ambazo kwetu hupepetwa na kuuzwa bei ya chini. Huko pia zilikuwa chakula cha wasio na uwezo, leo ni fahari ya mji. Juu huwekwa nyama iliyochomwa kwenye mkaa, na kwa kawaida nyama hiyo ni ya nguruwe.

Bánh mì ni mkate wa Kifaransa uliofanywa wa Kivietinamu: ganda linavunjika, ndani mwepesi, umejazwa nyama baridi, maini yaliyosagwa, kachumbari ya karoti na figili, na pilipili.

Bánh xèo ni chapati nyembamba ya unga wa mchele, manjano na tui la nazi, ndani kamba na nyama. Neno *xèo* ni ule mlio wa uji ukigusa kikaango cha moto: chwaaa! Unakata kipande, unakifunga kwenye jani la saladi na kukichovya. Ukila kwa uma watakutazama.

Zipo tambi nyingine chungu nzima. Bún bò Huế ina ukali na mchaichai, bún riêu ina kaa na nyanya, hủ tiếu ina asili ya Kichina na Kikambodia. Kwa siku tatu hutazimaliza, usijaribu.

2. Saa kabla ya jina

Fikiria supu ya asubuhi Dar. Anayefika saa kumi na mbili na nusu anapata supu, anayefika saa tano anapata maji ya moto na kelele za masufuria. Vibanda vidogo vya phở huenda hivyo hivyo: chungu ni kimoja, kikiisha wamefunga. Migahawa mikubwa huendelea mpaka usiku kwa sababu wana vyungu vya kubadilishana, lakini hata huko alfajiri ndiyo saa ya wenyeji.

Kwa hiyo andika karatasini saa ulizo nazo kabla ya jina lolote. Asubuhi mapema weka phở, au bánh mì ya kikaango. Saa tano na nusu mpaka saa saba mchana ni wakati wa wali, na usichelewe, kwa sababu wafanyakazi wa maofisini humiminika wote pamoja na saa saba na nusu sufuria zinakwanguliwa. Jioni ni ya bánh xèo na vyakula vya baharini.

Mfano mzuri ni Hòa Mã, nambari 53 mtaa wa Cao Thắng. Wameuza bánh mì tangu 1958. Unaletewa kikaango kidogo kinachochemka mayai, nyama na vitunguu, mkate pembeni, na unakalia kigoda cha plastiki kwenye kichochoro. Ni kifungua kinywa. Mgeni anayesoma sifa zake na kwenda saa tisa alasiri anakuta kichochoro kitupu chenye pikipiki mbili, kisha anarudi kuandika kwamba pamezidishiwa sifa.

Na kama tarehe zako zinaangukia Tết, mwaka mpya wao wa mwezi mwandamo, kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari, futa orodha yote. Mji unahama kwenda vijijini kama Moshi inavyojaa Desemba, na migahawa mingi hufungwa siku kadhaa.

3. Halali: swali la kumaliza ukiwa nyumbani

Nimeweka hatua hii mapema kwa sababu wasomaji wengi wa mwambao watakwamia hapa, nayo inabadilisha orodha yote.

Nguruwe ameenea jikoni kwa namna ambayo picha haionyeshi. Kwenye cơm tấm hata ukiagiza kuku, wali humwagiwa mafuta ya majani ya vitunguu, na mafuta hayo mara nyingi ni ya nguruwe. Kwenye bánh mì, yale maini ya kupaka ni yake. Phở ya ng'ombe inaonekana salama, lakini baadhi ya wapishi hutia mifupa ya nguruwe kuongeza utamu, na hata wasiotia, ng'ombe mwenyewe hakuchinjwa kwa utaratibu wetu. Kusema "không thịt heo", yaani bila nyama ya nguruwe, kutakuondolea vipande vya nyama, hakutasafisha chungu.

Njia zinazofaa ni mbili. Ya kwanza ni kwenda walipo Waislamu wenyewe. Katikati ya mji, mtaa wa Đông Du, kuna msikiti uliojengwa 1935 na Waislamu kutoka India ya kusini, na migahawa ya halali iko hatua chache kutoka hapo. Kando ya soko la Bến Thành kuna mtaa mfupi wa Nguyễn An Ninh, wenye migahawa ya halali iliyozoea wageni wa Malaysia. Phở ya ng'ombe utaipata huko. Waislamu wa asili wa nchi hiyo ni Wacham, nao wana misikiti yao na vibanda vyao mitaa ya mbali kidogo. Ukiswali Ijumaa Đông Du, muulize aliye kando yako anakula wapi. Jibu lake litazidi programu yoyote.

Njia ya pili ni neno *chay* kwenye kibao, maana yake chakula kisicho na nyama, cha desturi ya Kibuddha. Tarehe mosi na kumi na tano za mwezi mwandamo wenyeji wengi hula chay, na siku hizo vibanda vyake hujaa na chakula huwa kipya. Hadhari moja: baadhi ya vyakula vya chay hutengenezwa vifanane na nyama mpaka jina, hivyo usishtuke ukiona "nyama" kwenye orodha ya wasiokula nyama.

Asiye na mipaka hii aruke, aende hatua ya nne.

4. Umaarufu ni wa aina tatu

Hapa ndipo kazi ilipo. Sehemu mbili zikiwa "maarufu" huenda zimepata sifa kwa njia tofauti kabisa, na kila njia inakuahidi kitu kingine.

Ya kwanza ni sifa ya vitabu. Mwongozo wa Michelin, kitabu cha Kifaransa kinachopima migahawa kwa nyota, uliingia Vietnam Juni 2023, na tangu hapo vibao vyekundu vimejaa milangoni. Katika toleo hilo la kwanza mgahawa mmoja tu wa Saigon ulipata nyota: Anan, ndani ya soko la zamani la mtaa wa Tôn Thất Đạm, wa mpishi Peter Cuong Franklin. Huo ni wa usiku mmoja wa kujitanua, unaweka nafasi mapema na bei yake si ya mtaani. Lakini Michelin wana daraja jingine, Bib Gourmand, la chakula kizuri kwa bei ya kawaida, na humo wameingia watu wa chungu kimoja: Phở Hòa kwenye mtaa wa Pasteur, Phở Lệ, Cơm Tấm Ba Ghiền wa mtaa wa Đặng Văn Ngữ. Sifa hii inakuahidi mkono usiobadilika. Haikuahidi kwamba hakuna mwingine bora. Wakaguzi hawaingii kila kichochoro.

Ya pili ni sifa ya historia. Phở Bình, nambari 7 mtaa wa Lý Chính Thắng, ni mgahawa mdogo ambao ghorofani kwake wapiganaji wa siri walipanga sehemu ya mashambulizi ya Tết ya 1968 katika vita vya Vietnam, huku chini askari wa Marekani wakila supu. *Bình* maana yake ni amani, kama kejeli. Nenda, panda juu uone chumba, kula bakuli kwa heshima ya mahali. Usiende ukitarajia phở bora ya maisha yako. Sehemu za namna hii watu huzilaumu kwa kosa ambalo si lao, kwa kuwa walifuata hadithi wakahesabu ladha.

Ya tatu ni sifa ya mtaa. Haina kibao wala picha ya rais aliyewahi kula pale. Ina mama mmoja, meza sita, pikipiki kumi na tano zimeegeshwa hovyo, na wateja ambao hawatazami orodha ya bei kwa kuwa wanaijua. Hii ndiyo bora zaidi kwa bei yake, na ndiyo ngumu kuipata kwa simu.

Ushauri wangu kwa mwenye siku tatu ni huu: mlo mmoja wa sifa ya vitabu, ili upate kipimo cha phở au cơm tấm iliyopikwa sawasawa, na iliyobaki yote ya mtaani. Anayeanza na mtaani bila kipimo hajui alichokula. Anayebaki kwenye vitabu siku zote tatu anakula na watalii wenzake.

Ukisitasita kati ya sehemu mbili za aina moja, tuseme Phở Hòa na Phở Lệ, usipoteze jioni nzima kusoma maoni. Chagua iliyo karibu na ulipolala. Tofauti ya supu zao ni ndogo kuliko saa moja ya foleni ya pikipiki.

5. Kusoma maoni bila kudanganywa

Panga maoni kuanzia mapya. Kisha soma ya Kivietinamu kwa kutafsiri na simu, kwa sababu mgeni husifu tabasamu na kiyoyozi, mwenyeji husema supu imepungua chumvi tangu mtoto arithi chungu. Malalamiko ya "hawakujua Kiingereza" na "vigoda vifupi" yahesabu kama sifa. Malalamiko ya bei kubadilika mezani yachukue kwa uzito, hasa yakijirudia.

Tazama picha za wateja, uziache za mwenye mgahawa. Ukiona bakuli lile lile na majani yale yale mabichi kwa miaka mitatu, mkono haujabadilika.

6. Anwani inaweza kukupoteza

Hii naisisitiza, maana nimewahi kuzunguka dakika arobaini nikitafuta nyumba niliyokuwa nimesimama mbele yake.

Nambari yenye mkwaju, kwa mfano 63/6, maana yake ni nyumba ya 6 ndani ya kichochoro kinachoanzia nambari 63. Hutaiona ukiwa barabarani, lazima uingie. Mikwaju miwili ni kichochoro ndani ya kichochoro. Herufi baada ya nambari, kama 46A, ni nyumba ya pili iliyopachikwa kando ya ile ya 46, na mara nyingi nambari hiyo hugeuka jina: Bánh Xèo 46A ya mtaa wa Đinh Công Tráng inaitwa hivyo kwa anwani yake. Ukiona kanisa la rangi ya waridi la Tân Định, umeikaribia.

Tangu Julai 1, 2025 wilaya za mji zimefutwa kiutawala na kata kuunganishwa, hivyo anwani mpya huandikwa kwa kata pekee. Watu, madereva na maoni ya zamani bado husema Quận 1, Quận 3, yaani wilaya ya 1 na ya 3. Usidhani ni mahali pawili tofauti: jina la mtaa na nambari ndiyo ya kufuata.

Nakili jina pamoja na alama zake zote na ulibandike kwenye programu ya Grab, ambayo ndiyo bodaboda na teksi ya huko. Hòa, Hoa na Hóa ni majina matatu. Majirani wenye akili ya biashara pia hufungua mlango wa pili na jina linalokaribiana, kwa hiyo linganisha nambari ya nyumba na kibao kabla ya kukaa.

7. Mlangoni: dakika moja ya kutazama

Umefika, na bado una haki ya kuondoka. Tazama chungu kiko wapi. Sehemu nyingi nzuri huweka jiko mbele, barabarani, na unaona mvuke, unaona mkono wa mpishi. Tazama meza: bakuli zinaondolewa haraka? Majani yamesimama au yamelala? Karatasi za kufutia na maganda ya ndimu sakafuni visikutishe, wao hutupa chini na hufagiwa. Kinachonitisha mimi ni orodha ya vyakula themanini yenye picha, lugha nne, na kijana aliyesimama nje akikuita. Anayepika vizuri mji huu hana muda wa kuita.

Foleni nayo isome. Foleni ya vijana wenye makoti ya kijani ya Grab ni oda za wenyeji walioko nyumbani, alama nzuri. Foleni ya masanduku ya magurudumu ni ya basi la watalii.

8. Mezani

Kuita mhudumu hutapata shida, kwa sababu Wavietinamu huitana kwa undugu kama sisi. Mdogo kwako ni *em*, kaka ni *anh*, dada ni *chị*, mama wa makamo ni *cô*. Ongeza *ơi* mwishoni: "Chị ơi!" ni sawa na "Dada ee!" Kumpigia mtu mluzi au kugonga meza ni ufidhuli kule kama huku.

Kwenye phở ya ng'ombe utaulizwa sehemu. *Tái* ni vipande vyembamba vibichi vinavyoivia kwenye supu, *chín* ni iliyoiva, *nạm* ni ya ubavuni, *gân* ni kano, *bò viên* ni vibonge. Tusiopenda nyama yenye wekundu tuagize *chín*, tusione haya. Onja supu kabla ya kumwaga sosi. Mpishi amekesha nayo.

Vitu vilivyokwisha kuwekwa mezani, kama andazi refu la kukaanga, ndizi, karanga na kitambaa baridi ndani ya nailoni, si zawadi. Ukifungua unalipa. Si wizi, ndiyo desturi yao, nawe usipogusa hudaiwi.

Vyakula vya baharini vina mtego wake. Ukiona maneno *thời giá* badala ya bei, maana yake ni bei ya siku hiyo. Uliza bei ya kilo, uoneshwe mzani, na bei iandikwe kwenye karatasi au simu kabla kaa hajaingia jikoni. Mimi sikuuliza. Usiku huo, kwenye mtaa mmoja wa konokono na kaa, nililipa kaa wawili kwa bei ambayo kwetu ningerudi na mbuzi, na mwenye duka hakuwa amevunja sheria yoyote.

Ukimaliza sema "tính tiền", hesabu. Bakuli la phở huwa kati ya dong elfu hamsini na laki moja hivi, vibanda vikiwa chini na majina makubwa juu. Bakshishi haidaiwi. Wenyeji hulipa kwa kupiga picha msimbo wa benki uliobandikwa mezani, wewe beba noti, tena ndogo.

Na zitenganishe kabla hujatoka hotelini: noti ya elfu ishirini na noti ya laki tano zote ni za buluu, na chini ya taa hafifu ya kichochoro zinafanana kama mapacha. Ya laki tano weka mfuko mwingine.